Nilivyozunguka Uwanja wa Mafahali Mara Saba

Video yenyewe najua wengi wenu mmeiona, maana hata mchungaji wetu kule Lugari aliiona kabla sijafika nyumbani, kwa hivyo sitajisumbua kukana. Yule mama anayebebwa juu juu na wanaume wanaoimba, hana kiatu hata kimoja, majani ya mpera kichwani, sketi ya mkutano ina matope mpaka kiunoni, ndiye mimi Fanisi, mwandishi wa masomo ya akina mama, mtu mzima mwenye wajukuu wawili. Naona aibu mpaka leo. Lakini video inaanzia katikati, na walioisambaza hawakujua mambo yalikotoka, basi wacha niwaeleze mwenyewe, ili mkicheka mcheke kwa haki.

Kwa miaka mingi mimi ndiye nilikuwa naandika kile kijitabu cha ushirika wetu wa akina mama, chenye somo moja la kila wiki, kinachosomwa nyumba kwa nyumba siku ya Alhamisi. Si kwamba nimesoma sana (nalima mahindi, nafuga kuku, na naandikia jikoni kando ya sufuria), lakini kalamu nilipewa, na aliyeniambia kwamba nimepewa ni kukhu wangu, bibi mzaa mama, wa Malinya. Tulikuwa tunatumwa kwake kila likizo ya Agosti. Mpaka leo nikisikia harufu ya majani mabichi yakiungua na moshi, namwona ameinama mbele ya mafiga akinung'unika wimbo wa kanisa, hajui maneno yote, anajaziliza kwa yake. Nyumba ilijaa watoto, kelele tupu, na kukhu alikuwa akisema hata Mungu mwenyewe hawezi kusikia vizuri humo ndani, kwa hivyo kabla jua halijatoka alinishika mkono tukashuka mpaka kwenye uwanda wa chini, mahali pa kuchungia ndama, nyasi fupi zenye umande, tukaomba huko.

Siku moja nikiwa na miaka kumi na mmoja nikatunga sala yangu, nikaiandika nyuma ya daftari la hesabu, nikamsomea kule uwandani. Kukhu hakujua kusoma hata jina lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainama akavua raba zake, akaniambia, "Mtoto wangu, na wewe vua. Mungu amepita hapa saa hii." Tukasimama pale miguu mitupu na baridi ile, mimi natetemeka, yeye analia. Jamani, nimesifiwa na maaskofu, lakini sijawahi kusifiwa vile.

Tangu hapo kila nilichoandika nilimsomea kwanza, na uzee ulipomlaza nilimsomea kwa simu, akisema "mm" mahali palipomgusa na kukohoa mahali nilipodanganya. Mwaka jana akafa. Na kalamu yangu ikafa naye. Nilikaa na daftari mbele yangu, wiki kwa wiki, nikaomba, nikafunga, nikabadilisha biro, hakuna kitu. Wakati huo huo mkutano mkuu wa mwaka ulikuwa umepangwa kufanyika Malinya hiyo hiyo, Jumamosi saa nne, na hapo ndipo somo la kwanza la kijitabu kipya husomwa mbele ya wote likubaliwe. Mwenyekiti wetu, Mama Jerida, akanipigia kwa upole wake ule unaouma. "Dada Fanisi, kama kalamu imechoka si dhambi. Mwalimu Betty yuko tayari." (Mwalimu Betty hutoa masomo yake kwenye simu, tena mwaka mmoja alinakili mpaka salamu za watu wa nchi nyingine, akatutakia heri ya theluji.) Nikamwambia somo liko tayari. Uongo mtupu. Lakini nilijua moyoni kwamba kijitabu hiki kikitoka mkononi mwangu, sitaandika tena maisha yangu yote, na kile alichoniachia kukhu kitakuwa kimezikwa naye.

Nikafika Malinya Ijumaa jioni, nikapokelewa kwenye boma la kukhu na Rispa, mke wa binamu yangu, ambaye ndiye anayekaa hapo siku hizi kwa sababu mumewe anafanya kazi mbali. Walikuwa wamemzika mtoto wao wa kiume mwaka uliopita, na mimi sikufika mazishini. Nilituma rambirambi kwa simu nikasema mvua imeharibu barabara. Rispa akanipikia obusuma na ingokho, ugali na kuku, akaniwekea maji ya kuoga, akakaa mbele yangu. Mara mbili akafungua mdomo akasema, "Wifi…" halafu akauliza kama nataka chumvi. Mimi mawazo yangu yalikuwa kwenye somo langu. Nikamwambia nimechoka, nikaenda kulala.

Sasa, uamuzi wenyewe ulioniponza ni mdogo hivi. Niliamka alfajiri, nikawaza, hapa ndipo maneno yaliponijia mara ya kwanza, kwa nini nisishuke tu kule uwandani kwa kukhu nikamngoje Mungu palepale? Ningeweza kubisha mlango wa Rispa nikamwambia, wifi, nashuka kule chini kidogo. Maneno machache tu. Lakini nikajiambia maombi ni siri, Bwana mwenyewe alisema tusijionyeshe, nikachukua kikapu changu na daftari, nikatoka kwa kunyata mithili ya mwizi wa kuku.

Uwanda niliukuta palepale, ila nyasi zilikuwa zimekanyagwa sana, ardhi imechimbuliwa kwa kwato, na samadi kila mahali. Msinicheke bado. Nilipoona ile samadi nilifurahi, nikasema moyoni, asante Yesu, kumbe bado wanachungia ndama hapa. Nikavua viatu, nikaviweka katikati. Nikatoa kichupa changu cha mafuta ya maombi, nikadondosha kidogo kila pembe. Kisha nikaanza kuuzunguka uwanja, macho nimefumba (nikifungua kidogo tu nisianguke), mara saba kama wale wa Yeriko, maana ukuta wangu ulikuwa mgumu. Na nilipofika mzunguko wa nne nikaongeza sauti. "Bwana, vunja! Bwana, bomoa! Leo hatoki mtu hapa bila ushindi!"

Ngoma za isukuti nilizisikia, sitasema sikuzisikia. Nilidhani ni kwaya ya mkutano imewahi kufika.

Nilipomaliza mzunguko wa saba nikainua mikono, nikasema amina kwa nguvu zote, nikafumbua macho. Kilima chote kilikuwa kimejaa watu. Wanaume na marungu na matawi, vijana juu ya pikipiki, akina mama wauza chai, wote wamenyamaza wananitazama mimi. Na upande wa juu alisimama fahali mweusi, mkubwa, pembe zimenolewa, ameshikwa kamba na watu wanne, naye pia ananitazama.

"Mama, toka hapo!" mtu akapiga kelele. "Ng'ombe inaingia!"

"Asitoke!" akajibu mwingine kutoka upande wa pili, kijana mwenye kofia nyekundu ambaye baadaye niliambiwa anaitwa Shikuku, kiongozi wa waimbaji wa fahali aliyeitwa Simiti. "Tumemuangaria tangu asubuhi! Amezunguka uwanja mara saba, hana viatu, amemwaga mafuta kwa kona zote! Huyo ametumwa na watu wa ile ng'ombe ingine, Tetemesha, kumaliza ng'ombe yetu!"

Ambaye hajawahi kukaa upande huo wa Malinya, kule Ikolomani, hawezi kujua uzito wa neno hilo. Fahali akipelekwa vitani na fahali mwenzake, wenyewe hulinda mpaka njia atakayopita, wasije watu wakamfanyia vitu. Na mimi nilikuwa nimefanya vitu vyote kwa siku moja. Nikaanza kujitetea. "Ndugu zangu, mimi ni mkristo. Nimekuja mkutano wa kanisa."

"Hata wale hutengenezanga ng'ombe huenda kanisa," mama mmoja wa chai akasema, na kilima chote kikacheka.

Shikuku akachukua kikapu changu. Akatoa nusu kiazi, akakinusa, akakirudisha. Akatoa kichupa, watu wakasema "Eee!" Akatoa daftari. Hapo nikanyoosha mkono kulichukua, kwa sababu afadhali angetoa hirizi. Nikamwomba, "Kijana wangu, hiyo hapana." Nilivyosema hivyo ndivyo nilivyojimaliza.

"Soma!" watu wakapiga kelele. "Soma tusikie dawa yenyewe!"

Akapanda juu ya jiwe, akafungua, akasoma kwa sauti ya mnada. "Somo ra Kwanza: Ushindi. Wapendwa katika Bwana… amekata. Wapendwa wangu… amekata. Akina mama wapendwa… amekata." Mstari wa nne watu wakawa wameshika, yeye akisoma mwanzo wao wanaitikia "Amekata!" na mwenye isukuti akatia pigo moja hapo nyuma. Miezi yote ya kushindwa kwangu, ukurasa kwa ukurasa, ikachezwa ngoma mbele ya Malinya nzima. Niliangalia vidole vyangu vya miguu kwenye samadi, nikatamani yule fahali afunguliwe tu.

Kisha akageuza ukurasa. "Hii pia amekata," akasema, "rakini inasomeka." Nami nikajua ni ipi. Niliiandika usiku wa arobaini ya kukhu, nikaikata yote kwa mstari mrefu, kwa sababu ni mwandishi gani wa masomo atawapa akina mama maneno kama yale? Akasoma.

"Bwana, tangu kukhu afe sijasikia sauti yako. Nimepiga magoti mpaka yameota sugu. Kama umehama, niambie umehamia wapi, nitakuja kwa miguu. Na kama bado uko hapa na umenyamaza tu, basi usiondoke. Kaa nami hivyo hivyo, tunyamaze wote wawili."

Wachache waliitikia "Amekata," halafu wakaacha. Hata Shikuku mwenyewe alikuwa ameanza kusoma kwa mbwembwe akamaliza polepole, kama mtu anayesoma barua yake. Mwenye Tetemesha, Mzee Ingosi, mzee mfupi aliyeshika kamba ya yule fahali mweusi, akavua kofia. "Hiyo si dawa," akasema. "Mimi nimezika bibi wangu, mama watoto. Hiyo ni maombi ya mtu amechoka. Rudishia mama kitabu yake."

Shikuku akashuka kwenye jiwe, akanipa daftari kwa mikono miwili. "Pole, mama. Sasa toka kwa njia, ng'ombe hazingojangi."

Kama mambo yangeishia hapo ningeondoka na aibu ya kawaida. Lakini nilikumbuka viatu vyangu katikati ya uwanja, nikasema nivikimbilie, na ndio wakati Simiti alipoingizwa. Akamwona Tetemesha, akatazama mara moja, akageuka akakimbia bila hata kugusana pembe. Akaja moja kwa moja upande wangu. Ndugu zangu, nilikimbia mbio ambazo sikukimbia nikiwa msichana, nikaruka mtaro, sikuuvuka, nikatua ndani. Simiti akapita juu yangu akielekea kwenye miwa, na watu wake nyuma yake wakimwita kwa jina kama mtoto aliyetoroka shule.

Waliponitoa mtaroni sikuwekwa chini. Upande wa Tetemesha ulikuwa umeshaamua. "Maombi ya mama! Simiti ameogopa maombi!" Nikapiga kelele kwamba mimi sikuombea ng'ombe, wallahi, sikuombea ng'ombe (neno lenyewe la wallahi sijui nililitoa wapi, mimi mama wa kanisa), wakalichukua wakaligeuza wimbo: hakuombea ng'ombe, hakuombea ng'ombe, lakini ng'ombe imeshinda. Nikatiwa majani kichwani, nikapandishwa mabegani, simu zote juu, na hapo ndipo video yenu inapoanzia.

Washindi hutembezwa barabarani, na barabara ya Malinya inapita mlangoni mwa kanisa. Mkumbuke pia (nami nilikumbuka pale juu begani, kwa uchungu) kwamba mwaka uliotangulia, somo la sita, mimi mwenyewe niliandika "Mkristo na Viwanja vya Dunia," nikawakemea wanaokwenda kutazama mafahali, na aya tatu za kuthibitisha. Akina mama walikuwa wametoka nje wote na vitambaa vyao vyeupe kuona ni kelele gani. Mama Jerida alisimama mbele, kengele mkononi. Isukuti zikanyamaza.

"Dada Fanisi," akasema.

"Mwenyekiti," nikajibu nikiwa bado juu ya bega la mtu.

Wakanishusha, wakaniletea beseni nikanawa miguu, nikaketishwa benchi la mbele nikinuka ng'ombe. Mwalimu Betty alikuwa na karatasi zake zimepigwa chapa vizuri, zimebanwa pembeni. Mama Jerida akafungua kwa maombi, mafupi sana, kisha akaniuliza mbele ya watu wote somo liko wapi. Nikasimama. Nilichoka kudanganya. Nikasema, "Sina. Tangu kukhu afe sijaandika hata neno moja, nilikudanganya. Mpe Mwalimu Betty kijitabu."

Mama Jerida hakumtazama Mwalimu Betty. Alitoa simu yake mfukoni. "Nimetumiwa ujumbe hapa," akasema. "Wanasema umesomewa kitu kule mpaka Ingosi akavua kofia. Ingosi ambaye nimemwalika kanisa hii mpaka nimezeeka. Wale walevi wasomewe, sisi tusisomewe?"

"Si somo, mwenyekiti. Nilikikata."

"Soma."

Nikasoma. Ukurasa ulikuwa umelowa, na nilipofika pale pa kunyamaza wote wawili nikamalizia kwa kunong'ona. Hakuna aliyesema amina. Nikakaa chini nikijua nimejizika mwenyewe.

Ndipo kule nyuma mtu akasimama, na alikuwa Rispa. Wifi yangu Rispa, ambaye nilikula kuku wake na kulala kitanda chake. Akashika benchi la mbele yake kwa mikono yote.

"Mimi tangu tuzike Brayo nakujanga hapa kila Jumapili," akasema. "Naimbanga, napiga makofi, nasema amina. Sisikiangi kitu. Kitu yoyote. Nilifikiria ni mimi peke yangu Mungu amenyamazia. Jana nilitaka kuuliza wifi, nikaogopa. Nikasema huyu anaandikanga vitabu, ataniona mpagani."

Akakaa. Mama mmoja akamsogelea, na mwingine, nami nikapita kati ya mabenchi na miguu yangu mitupu nikapiga magoti mbele yake, nikamwomba msamaha kwa mazishi ambayo sikufika, nikamwambia mvua haikunyesha siku ile, niliogopa tu. Mtu akaanzisha pambio, kama ilivyo kawaida yetu tukiona machozi. Mama Jerida akainua mkono. "Tusiimbe kwanza," akasema. Tukakaa kimya, akina mama wote wale, muda mrefu, mpaka ukasikia mahindi ya shamba la pili yakichezwa na upepo. Nami naapa kwenu, kama mtu aliyekaa miezi yote ile akitega sikio, kwamba katika kimya kile hatukuwa peke yetu.

Kijitabu kilibaki kwangu. Mwalimu Betty mwenyewe ndiye aliyeinua mkono wa kwanza (nami tangu siku hiyo sijamsengenya tena, isipokuwa leo kidogo). Mama Jerida alisema kichwa cha "Ushindi" kiondolewe, na lile somo langu la viwanja vya dunia lisirudiwe kuchapishwa, kwa heshima ya Mzee Ingosi. Viatu vyangu havikuonekana, nikarudi Lugari na ndara za Rispa.

Kabla sijaondoka nilimwambia Rispa kwamba nitakaa niiandike ile sala upya, safi, nimletee nakala ya kwanza ikishachapishwa. Akatikisa kichwa.

"Hapana, wifi. Mimi nataka hiyo umekata."

Nikaichana kwenye daftari nikampa, na tope lake na mstari wake mrefu katikati. Akaikunja ndogo akaitia ndani ya Biblia, na ndipo akanisimulia habari za Brayo, tangu kuzaliwa kwake, na safari yangu ikaahirishwa mpaka kesho yake.

Basi nimeapa, na ninyi ni mashahidi wangu. Uwanja wa mtu sitauzunguka tena, iwe Malinya au kwetu, bila kuuliza Jumamosi kuna nini. Na nikilala ugenini sitatoka tena alfajiri kwenda kumtafuta Mungu kabla sijagonga mlango wa mwenye nyumba, nikamuuliza ameamkaje, nikakaa chini nikamngoja anijibu.